Daktari wa Pua za Ng'ombe

Alikuwa na kufuli tatu kwenye geti moja. Moja juu, moja katikati, na moja chini kabisa karibu na udongo, ambayo ilimlazimu kuinama kila akitoka na kila akirudi, mama wa umri ule. Lile geti nililitengeneza mimi, kwa hivyo nilichukia. Nikamwambia, Daktari, geti langu hata lori likiligonga, litakaloumia ni lori. Akanijibu, "Sijasema geti lako ni baya, Fundi. Nimesema nataka kufuli tatu."

Ukitaka kumjua yule mama, anza hapo getini, kwa sababu wengi wetu hapo ndipo tulipoishia.

Tulimwita Daktari, lakini hakuwahi kutibu hata kuku. Mama wa watu anakuja na mtoto anakohoa, anagonga, Daktari anatoka mpaka kwenye vyuma vya geti bila kufungua, anamwangalia mtoto, anasema, "Mimi si daktari wa watu. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho." Anarudi ndani. Basi watu walikuwa wananiuliza mimi, kwa vile mimi ndiye jirani, na pia kwa vile mtaa wetu wa Noonkopir mtu akiwa na swali huletwa kwangu: huyu ni daktari wa nini? Nilisema nitachunguza. Nilichunguza miaka mingi.

Niseme kidogo mimi ni nani, ili mjue aliyekuwa anachunguza si mtu wa kupita. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikatoka Ukambani nikaja Kitengela na ndala miguuni. Nilianza kwa kuchimba mashimo ya nguzo za watu. Leo niko na yadi yangu ya nguzo za simiti na mashine mbili za kusuka waya. Ukitoka hapa ukaenda mpaka Isinya, fensi zote unazoona zimenyooka ni zangu. Zilizopinda ni za watu wengine. Hakuna mtu aliyenishika mkono, na hakuna aliyenifundisha. Kitu kimoja tu ndicho kimenifikisha hapa: simwamini mtu mpaka nijue anataka nini. Hapa kwetu ploti moja inaweza kuuzwa kwa watu watatu kabla ya chakula cha mchana, na asiyeuliza maswali hulala nje.

Sasa, wafanyakazi wangu huniita Bosi, na kanisani mimi ni Mzee. Huyu mama peke yake ndiye aliyeniita Fundi. Nilimwambia kwa heshima kwamba mimi sikorogi tena simiti. Akasema, "Lakini unajua kukoroga?" Nikasema najua kuliko wote. "Basi," akasema, na akaendelea.

Alikuwa Mmaasai wa hapa hapa Kajiado. Alifundisha chuo kikuu Nairobi mpaka akastaafu. Zaidi ya hapo sikujua, na nilipouliza hakujibu. Ukimsalimia Kiswahili alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Nilijifunza kumsalimia kwa lugha yao, "Takwenya, Yeyo," yaani habari mama, na hapo aliitikia vizuri, "Iko," kisha ananisahihisha namna nilivyovuta sauti. Kila asubuhi alinisahihisha. Kanisani aliimba nyimbo zote, na mhubiri akisimama tu, anabeba mkoba wake anatoka. Mikutano ya usalama wa mtaa hakukanyaga. Chai ya mtu hakunywa. Mbuzi akichinjwa kwa jirani, hata kama hakualikwa, alikuja na kusimama pale vijana wanapochuna, mikono nyuma, akiangalia ngumi zao zikipita kati ya ngozi na nyama. Mara moja nilimsikia akimwambia kijana mmoja, "Polepole. Hapo inakushinda kwa sababu imeshikana, si kwa sababu wewe ni mnyonge." Kijana akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekuja kwa mbuzi na haondoki na nyama, amekuja kwa nini?

Habari ya pua niliipata kwa mchinjaji, rafiki yangu wa zamani, Mkamba mwenzangu, ambaye alifanya kazi kichinjioni tangu mimi nikiwa bado nachimba mashimo.

"Yule jirani yako," akaniuliza siku moja, "bado anachukua pua?"

"Pua gani?"

"Za ng'ombe. Asi! Na unasema unajua kila kitu hapa. Wakati alikuwa anafundisha, alikuwa anakuja kichinjioni mapema na ndoo ya barafu. Hataki maini, hataki matumbo. Tunamkatia ile ngozi nyeusi ya mbele yenye unyevu, anaiweka kwa barafu, anaondoka mbio kama amebeba mtoto mgonjwa."

"Anakula?"

"Nani anakula hiyo? Hata mbwa wa pale hufikiria kwanza."

"Sasa anafanyia nini?"

"Nilimuuliza. Akasema anatafuta kinachoshikanisha."

"Kinachoshikanisha nini na nini?"

"Hapo ndipo niliacha kuuliza," akasema mchinjaji. "Niko na watoto."

Sisi Wakamba watu hutusema kwa mambo ya uchawi. Mimi sijui kuufanya, nimeokoka. Lakini sitaki mtu aniambie siwezi kuutambua ukipita. Kesho yake nilimngojea Daktari kwenye mpaka wetu, alipokuwa anamwagilia mboga zake za sukuma, nikamuuliza moja kwa moja.

"Daktari, pua za ng'ombe ni za nini?"

Hakushtuka. Aliweka mkebe chini. "Ng'ombe anasukuma miiba na pua siku nzima," akasema. "Anasugua ukutani, anachimba majani makavu na mawe. Umewahi kuona pua ya ng'ombe imebambuka?"

"Sijawahi."

"Kwa nini haibambuki?"

"Kwa sababu ni ya ng'ombe."

"Hilo si jibu, Fundi. Umenitajia mwenye pua."

Halafu akanieleza, na mimi naeleza vile nilivyoelewa. Mwili umegawanywa vyumba vidogo sana, wanaita seli. Vyumba hivyo vimejengwa ubavu kwa ubavu kama ploti za hapa, na kila ploti iko na nguzo zake mpakani. Ila nguzo hizo hazisimami kuzuia jirani. Zinainama kwenda kwa jirani, na za jirani zinainama kuja huku, zinakutana katikati zinashikana. Ni aina ya protini, na yeye maisha yake yote ya kazi alikuwa anasoma hizo tu. Ngozi ya pua ya ng'ombe imejaa nguzo hizo kuliko mahali pengine, ndiyo maana alienda kuzitafuta huko.

Maelezo mazuri. Lakini mimi nimeuziwa ploti hewa, zisizokuwepo, na watu wenye maelezo mazuri zaidi.

Baadaye akaja yadi yangu, kufuli tatu zimefungwa nyuma yake, akasema anataka nguzo.

"Ngapi?"

"Moja. Lakini iwe vipande vitano vifupi, vyote vitoke kwa moldi moja. Upitishe waya katikati, uviache vicheze."

"Itaanguka hiyo."

"Nataka ianguke. Halafu unichongee kabari za mbao. Nikizitia kwenye maungio isimame wima, nikizitoa ilale."

Wafanyakazi waliangaliana. Mtu wa mbali hataelewa kwa nini. Hapa kwetu nguzo si kitu cha mchezo. Ukiamka ukute nguzo imesimama kwenye ploti yako, tayari uko na kesi. Kuna watu huhamisha mipaka pole pole, leo hatua, mwaka kesho hatua. Sasa mtu anakuja kukuagiza nguzo inayoweza kulala na kusimama atakapo! Nikajiambia, mpaka wetu sisi wawili uko wapi vile? Jioni hiyo nilienda na kamba nikaupima upya.

Kazi sikukataa, mimi sikatai kazi. Lakini alipokuja kuichukua nilimshika kwa maswali.

"Kwa nini vipande vifanane?"

"Kwa sababu zile za mwilini ziko hivyo. Umbo moja linajirudia, linajirudia, linajirudia. Si moja kabisa, kila kipande kiko na tofauti yake ndogo, lakini ukikiona unajua ni ndugu ya mwenzake. Zile ninazosoma mimi ziko na vitano."

"Mungu na akili yake yote anatumia moldi moja?"

"Wewe uko na ngapi?"

"Moja. Ikishakubali, ya pili ya nini?"

"Umejijibu."

"Na hizi kabari?"

"Kalisiamu. Ile ile ya maziwa na mifupa. Inakaa kwenye maungio kati ya kipande na kipande. Ikiwepo, nguzo inanyooka. Ikitoka, inalegea kama kamba, haifiki kwa jirani."

"Na inamshika jirani na nini?"

"Kipande cha nje kabisa. Kinaingiza kidole kwenye shimo la mwenzake, na mwenzake anaingiza chake kwenye shimo la huyu." Akanionyesha kwa vidole vyake viwili vya shahada, amevipinda vikaingiana. "Moja peke yake haina nguvu, ukivuta inaachia. Lakini zikiwa nyingi zimesongamana mahali pamoja, ng'ombe anasukuma mwiba."

"Kwa hivyo hiyo si fensi."

"Ni kinyume cha fensi, Fundi."

Nilimwambia kinyume cha fensi hakiwezi kunilisha. Alitabasamu kidogo, akapakia vipande vyake kwenye pikapu yake kuukuu.

Alisema nguzo ni ya kufundishia wasichana wa sekondari moja upande wa Isinya, anakoenda kusaidia walimu. Nilienda huko nikijifanya nauza fensi. Kweli nguzo ilikuwepo, imesimamishwa pembeni mwa darasa na kabari zake. Kazi ya fensi yao pia niliipata, na fensi imesimama hadi leo. Lakini moyo haukutulia. Mtu anayesema ukweli kuhusu kitu kidogo ana sababu, nikajiambia, na nikaendelea kuangalia.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakufanana na maneno yake. Mtu anayekwambia mwili wote umesimama kwa sababu kila mmoja ameshika jirani yake, mbona yeye hamshiki mtu? Niliwahi kumtupia hilo. "Daktari, wewe kidole chako umeingiza kwa nani?" Ilikuwa utani, lakini utani wenye mwiba. Akaziangalia sukuma zake, kisha akasema, "Mtu anaweza kusoma mvua maisha yake yote na asinyeshewe."

Alikuwa na neno lake jingine, alilipenda sana: "Usiniamini. Angalia." Mtu akibisha, mtu akikubali, jibu ni hilo hilo. Kwa mtu kama mimi lilikuwa neno la ajabu. Tapeli husema niamini. Huyu alisema nisimwamini, na kwa hivyo nikamtilia shaka mara mbili.

Sasa nafika kwa mke wangu, Mama Mwende.

Mama Mwende ndiye anasimamia yadi nikiwa nje. Hakai ofisini. Anaonja mchanga na vidole, anajua mchanganyiko mbaya kwa kuuangalia. Ugonjwa wake ulianza mdomoni. Vidonda ndani ya mashavu, akashindwa kula kitu cha moto, akawa anakunywa uji uliopoa. Halafu malengelenge kifuani na mgongoni, laini, yenye maji. Yakipasuka hayaponi. Panabaki pabichi, pekundu, kama mtu aliyeungua.

Mimi nilijua mara moja ni nini. Mtu yeyote aliyekoroga simiti anajua jinsi simiti inavyokula ngozi. Nimeona vidole vya vijana vimetoboka, nimeona magoti ya mtu aliyepiga magoti kwenye simiti mbichi asubuhi nzima. Dawa yake sisi wa kazi hii tunaijua: maji mengi, halafu ndimu au siki, halafu mafuta ya kujikanda. Nikamtoa yadi, nikamwosha kwa ndimu kwenye ile nyama mbichi. Alikuwa anauma leso ili asipige kelele. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimetibu wanaume wengi hivyo na wakapona. Duka la dawa wakatupa krimu, halafu vidonge, halafu krimu nyingine. Ngozi ikazidi kwenda. Nikaanza kufikiria mambo mengine, na fikira zangu zilikuwa zinaishia kwenye lile geti la kufuli tatu.

Siku moja Daktari alikuja yadi kutaka kabari nyingine, wasichana wa shule walikuwa wamepoteza zake. Mama Mwende alikuwa ameketi kivulini nyuma ya mashine ya waya, leso ameilegeza mabegani kwa sababu hakuweza kuvaa blauzi. Daktari alinipita bila salamu akaenda kusimama mbele yake.

"Mama Mwende, tangu lini?"

"Ni simiti," nikajibu mimi.

"Sijakuuliza wewe. Mama, na mdomoni?"

Mke wangu akafungua mdomo. Daktari akainama, akaangalia muda mrefu.

"Simiti haiingii mdomoni, Fundi."

Nilikuwa nimesahau mdomo, au niliuweka kando kwa sababu haukukubaliana na mimi.

"Naweza kukugusa?" akamuuliza mke wangu. Mke wangu akakubali. Daktari akaweka kidole gumba begani, mahali pazima kabisa, mahali pasipo na lengelenge, akasukuma pembeni. Ngozi ikatembea. Ilitembea vile utando wa maziwa yaliyochemka unavyotembea ukiugusa na kijiko, na chini yake pakabaki wazi.

Nilimshika Daktari mkono nikamvuta. "Umemfanya nini mke wangu?"

"Sijamfanya kitu. Nimeangalia."

"Palikuwa pazima!"

"Palionekana pazima." Akaketi kwenye rundo la nguzo zangu, kama mtu ambaye magoti yamekataa. "Nguzo zinaachia, Fundi. Nguzo zilizo kwenye ngozi yake. Ni ukoo ule ule ninaosoma mimi. Mwili uko na askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari wake wamegeuka, wanashambulia nguzo zake mwenyewe."

"Ni nani aliwatuma?"

"Hakuna."

"Hakuna kitu hakina mwenyewe, Daktari."

"Hiki hakina. Na tukikaa hapa tukitafuta mwenyewe, ngozi itaisha na mke wako atakufa. Unasikia? Bila ngozi mtu hufa kama aliyeungua. Kuna hospitali Nairobi yenye daktari wa ngozi. Wa watu, si kama mimi. Watakata kipande kidogo cha ngozi, kama punje ya mchele, waangalie, halafu wampe dawa ya kuwatuliza hao askari."

Hapo ndipo aliponipata pabaya. Kukata ngozi! Nikamwambia mbele ya wafanyakazi wote: "Sasa umefika ulikokuwa unaenda. Ulianza na pua za ng'ombe, ukaja kwa mbuzi za majirani, sasa unataka ngozi ya mke wangu. Mtaipeleka wapi? Ng'ambo?"

"Usiniamini," akasema. "Nenda na gari lako mwenyewe, hospitali unayotaka wewe, mimi nibaki hapa. Ila uende leo."

"Siendi mahali."

Mama Mwende akasimama. Alisimama taratibu, kwa sababu leso ilikuwa imegandia mgongoni. "Baba Mwende," akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka kwa vidonda, "hiyo ngozi mnayogombania ni yangu. Daktari, gari yako iko wapi?"

Alipanda pikapu ya Daktari, amekaa mbele kabisa ya kiti ili mgongo usiguse. Mimi nilifuata nyuma na lori, njia yote hadi Nairobi, karibu karibu, ili nisimpoteze machoni yule mama.

Hospitalini ilikuwa vile alivyosema. Daktari wa ngozi, mwanamume mdogo mwenye miwani, alisukuma kwa kidole vile vile, akakata ile punje. Nilisimama hapo. Nikauliza inaenda wapi, nikaambiwa maabara, nikauliza maabara iko wapi, nikaonyeshwa mlango. Niliketi kwenye benchi mbele ya huo mlango. Daktari wetu wa Kitengela alikuwa ameketi mwisho mwingine wa benchi hiyo hiyo. Nilikuwa nahakikisha haingii. Hakuingia.

Majibu yalipotoka yule wa miwani aliniita nione kwenye kompyuta, labda kwa sababu nilikuwa nimemchosha. Picha ilikuwa nyeusi, na ndani yake mistari ya kijani inang'aa, imeungana pembe kwa pembe, tundu baada ya tundu.

"Hiyo ni waya wa kuku," nikasema.

Akageuka kuniangalia. "Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mtu wa fensi."

"Hata sisi tunaiita hivyo," akasema. "Hiyo kijani ni rangi tumetia ili tuwaone askari. Wangekuwa hawapo, ungeona giza tu. Ona walivyojipanga, wako mpakani pote, kuzunguka kila seli."

Niliangalia muda mrefu. Nimesuka waya wa kuku maisha yangu yote, na sasa niliuona ukiwa ndani ya Mama Mwende, umezingirwa. Ugonjwa huo uko na jina refu la kizungu. Mimi nauita ugonjwa wa fensi, na mtu akiniuliza naweza kumweleza kuliko wengi waliousomea.

Alilazwa muda mrefu. Walimlaza kwenye shuka zilizopakwa mafuta ili asigande. Kuna siku daktari wa miwani aliacha kunijibu maswali akawa ananishika bega tu, na mimi najua maana ya kushikwa bega. Halafu dawa ikashika. Uso ulimvimba kama mkate kwa hizo dawa, akawa ananicheka mimi nikimwangalia, "Nini? Si ulisema unapenda wanawake wanene?" Nikajua anarudi. Ngozi ilirudi pia, kutoka pembeni kwenda katikati. Hadi leo anameza vidonge vyake, na yadi anaisimamia, na wakora wanaotuuzia mchanga bado wanamwogopa.

Sasa mtu atasema, basi shaka yako iliisha. Haikuisha. Iliongezeka. Yule mama aliyekataa kugusa mtoto anayekohoa, alimgusa mke wangu bila kuombwa. Alikuja hospitali siku baada ya siku, yeye ambaye hakuwa wa kutembelea watu. Hakuomba kitu. Nilimpelekea mbuzi, akamrudisha. Nilijitolea kumjengea ukuta wa mawe, akasema fensi yake inatosha. Mimi ni mfanyabiashara. Mtu akikupa kitu kikubwa hivyo na akatae malipo, hesabu haijafungwa, iko mahali pengine inakungoja. Nilimwambia Mama Mwende hivyo. Akaniambia, "Wewe ukifika mbinguni utauliza title deed ya ploti."

Daktari aliondoka Kitengela magoti yalipomshinda. Alihamia Kimuka, kwa binti wa dada yake. Tulienda kumwona mwaka huu, mimi na mke wangu. Geti la huko halikuwa na kufuli hata moja, ng'ombe walikuwa wanaingia na kutoka. Alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, shuka magotini, amekuwa mdogo. Binti wa dada yake akaleta thamosi na vikombe akaenda zake shambani.

"Takwenya, Yeyo," nikasema.

"Iko," akasema. Hakunisahihisha. Sijui kama nilikuwa nimeweza au kama alikuwa amechoka.

Mama Mwende akaanza kumimina chai. Mimi sikuketi. Nilikuwa nimebeba swali langu kutoka Kitengela na sikutaka lipoe.

"Daktari, mimi si mtu wa kuzunguka. Siku ile yadi. Ulikuwa unatafuta nini kwa mke wangu?"

"Umekawia kuuliza," akasema.

"Nauliza sasa."

Aliangalia ng'ombe mmoja akipita. "Miaka yangu yote nilizijua hizo nguzo kwenye pua za ng'ombe na kwenye vioo vya maabara," akasema. "Nilijua kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilijua zikiachia nini kitatokea. Nilikuwa nimesoma. Sikuwahi kuona mtu. Halafu nikamsukuma mke wako bega, ngozi ikatembea." Akamalizia kwa haraka, kama mtu anayetema kitu. "Nilifurahi, Fundi. Huruma ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Kwanza nilifurahi. Yeye anaoza mbele yangu na mimi nasema moyoni, ni kweli, ni kweli, ni vile vile. Ndiyo sababu magoti yaliniisha nikaketi. Ndiyo sababu nilirudisha mbuzi."

Nilijua! Miaka yote hiyo watu wananiambia nina roho mbaya, mke wangu mwenyewe ananicheka, na kumbe pua yangu haikukosea. Kulikuwa na kitu. Nikamgeukia Mama Mwende. "Umesikia?"

Alikuwa anafunga thamosi. "Nilimwona," akasema.

"Ulimwona nini?"

"Nilimwona akifurahi. Siku ile ile. Alikuwa mbele ya macho yangu, Baba Mwende, ningekosaje kumwona?"

"Na ukapanda gari yake?"

"Wewe ulikuwa unaniangalia kama nyumba inayoungua. Wafanyakazi walikuwa wanaangalia chini. Wa duka la dawa alikuwa ananipa krimu akiwa amesimama mbali. Yeye peke yake aliniangalia kama mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea. Nikajua huyu anajua nilicho nacho. Ningepanda gari ya nani?" Akamwekea Daktari kikombe mkononi, akavishikilia vile vidole vya mzee mpaka vikakamata. "Kunywa, Yeyo. Inapoa."

Na yule mama, ambaye kwa miaka yote hiyo sikumwona akinywa chai ya mtu, akanywa. Alikuwa analia, lakini alikunywa.

Nikabaki nimesimama hapo na ushahidi wangu, na hakuna aliyeutaka.

"Keti, Fundi," akasema Daktari.

Niliketi. Lakini kwanza nilivuta kiti, nikakiweka mahali ambapo ningewaona wote wawili.